Aliyemnyoosha Mtume

“Nirudishie mfuko wangu, Perusi. Mimi ni mama yako, si mgonjwa wako.”

“Utarudishiwa ukimeza.”

“Basi kaa nao. Nimeshasema simezi.”

Hilo lilikuwa jibu la sita tangu chai imiminwe, na chai yenyewe ilikuwa imepoa ikaota utando. Perusi alisimama katikati ya jiko lake akiwa ameukumbatia mfuko wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya kisukari vya miezi miwili, vimefungwa kwa kipande cha kanga kama zawadi ya harusi. Mama yake, Bi. Damari, mwenye miaka sitini na tisa na kidonda cha kidole gumba cha mguu kilichokataa kupona tangu mvua za vuli, alikuwa ameketi kwenye kigoda na uso wa mtu aliyeshinda kesi kabla ya kuitwa mahakamani. Hakuwa amemeza kidonge tangu Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Vidonge alikuwa akivitunza avipeleke uwanjani Jumapili, kwenye Siku ya Kutupa.

Perusi alikuwa ameshasema yote ambayo binti mwenye stashahada na akili timamu angesema. Alimtaja daktari. Alimtaja jirani aliyekatwa mguu. Akakumbusha kwamba hata marehemu baba, Mwinjilisti Eliezeri, alikunywa dawa za malaria na bado akafa akimpenda Mungu. Mama alisikiliza yote kwa adabu, kisha akachomoa kijitabu kifuani, kile chenye nembo ya Serikali, akakiweka mezani. Kilikuwa kimeandikwa: AGANO LA TATU, MAFUNDISHO YA MTUME. MEZA IMANI, TUPA VIDONGE.

“Huo ni uongo, mama,” Perusi alisema. “Huyo mtu anafundisha uongo.”

“Mtume?”

“Mtume.”

Bi. Damari alicheka kidogo, akimhurumia. “Mtu aliyetuhubiria neema vile, mpaka mimi nikalia kama siku niliyobatizwa, atanidanganya kwenye vidonge? Yule anahubiri kama baba yako, Perusi. Na kama ni mwongo, mbona hukusema? Miaka mitatu unasimama naye pale juu. Mimi Kigeni nakijua wapi? Sijawahi kumsikia Mtume hata siku moja. Nimekusikia wewe.”

Perusi alifungua mdomo. Katika nchi yao hakukuwa na mwanamke aliyelipwa kwa kufungua mdomo kama yeye, lakini asubuhi ile haukutoka mdomoni mwake ukweli wala uongo. Akauweka mfuko mezani, akachukua mkoba wake akaenda kazini.

*

Nchi hiyo iko mbali sana na hapa, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani wala kumtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Ilikuwa nchi ya watu wanyofu, na ilikuwa na Wizara ya Baraka na Matumaini, yenye ghorofa tisa na lifti moja iliyokuwa ikiombewa.

Wataalamu wa Wizara walikuwa wamefanya utafiti wakagundua jambo la hatari. Wananchi wakihubiriwa kwa Kiswahili, wanaelewa. Wakielewa, wanauliza. Kwa hiyo ikatungwa Sheria ya Baraka: mahubiri yoyote yatakayotolewa kwa lugha inayoeleweka na wasikilizaji yatahesabiwa kuwa mazungumzo ya kawaida, na yataombewa kibali cha mkusanyiko polisi. Mahubiri yatakayotolewa kwa Kigeni, pamoja na mkalimani, yatahesabiwa kuwa ufunuo. Watumishi wengi wa Mungu waliojua Kiswahili tu wakarudi mashambani. Wengine wakahubiri kimyakimya majumbani, wakiwa na mtu wa kuchungulia barabarani.

Mtume Zefania Ngulumbi yeye hakupata shida. Alikuwa mzaliwa wa wilaya ileile aliyozaliwa Perusi na zamani aliuza magodoro stendi. Alisafiri nje kwa miezi minane na aliporudi alikuwa amesahau Kiswahili chote. Kwenye uwanja wa ndege aliomba maji kwa kuonyesha koo. Wananchi waliofika kumpokea walisisimka. Walisema mtu hawezi kusahau lugha ya mama yake kwa miezi minane bila mkono wa Mungu kuhusika.

Perusi alipata kazi ya kumkalimania kwa haki. Alifanya mtihani na watu arobaini akawa wa kwanza. Ukalimani una neno lake ambalo halimo vyuoni, nalo ni kunyoosha. Bwana mkubwa akisema jambo limepinda, mkalimani analinyoosha kama shati, watu walione likiwa safi. Waziri akisahau jina la mji aliomo, mkalimani analitaja lililo sahihi. Mgeni akitukana chakula, mkalimani anasema ameshiba. Hakuna anayekuita mwongo. Wanakuita mtu wa hekima.

Jumapili yake ya kwanza, mbele ya watu elfu nne, Mtume alitangaza kwa Kigeni kwamba Yesu alikuwa na jozi arobaini za viatu na kwamba mtu asiye na viatu ajichunguze. Mstari wa tatu aliketi Bi. Damari, amevaa kandambili. Perusi aliona haya. Kabla hajafikiri akasikia mdomo wake ukisema maneno ambayo baba yake alikuwa akiyasema akiwa ameegemea baiskeli, kwenye vijiji visivyo na kanisa: “Kristo hakuacha kazi nusu ili mwingine aje kuimalizia. Ukiwa naye, huna unachopungukiwa mbele za Mungu.”

Watu walilia. Perusi alirudi nyumbani akijiambia ameokoa Jumapili moja. Jumapili ya pili akaiokoa nayo. Mtume alisema malaika wana vyeo na yeye anajua bei ya kila cheo. Perusi akasema tusameheane. Mtume alisema msalaba ulikuwa ajali. Perusi akasema msalaba ndiko Mungu alikotupenda mpaka mwisho. Akajiambia kwamba watu wanapata chakula kizuri, na mkono unaowapa si jambo la maana. Akapata nyumba ya Serikali yenye maji ya bomba. Kila Jumatatu alitia sahihi Fomu Namba Kumi na Mbili: Nathibitisha kwa kiapo kwamba niliyoyasema ndiyo aliyoyasema. Zilikuwa zimefika fomu mia moja hamsini na sita.

Na sasa mama yake, aliyefundishwa na mumewe kupima kila hubiri kwa kuuliza Kristo amewekwa wapi, alikuwa amepima kwa miaka mitatu na kila mara akapata jibu sahihi. Alichokosea ni mtu. Hilo lilikuwa kosa la binti yake.

*

Wizarani palikuwa na Idara ya Utambuzi wa Mafundisho ya Uongo. Mkurugenzi wake, Ndugu Kirumbi, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na ukutani alikuwa na tuzo nne alizopewa kwa sababu tangu idara ianzishwe haijawahi kupata mwalimu wa uongo hata mmoja.

Alimkaribisha Perusi kwa heshima, akaagiza soda, akasikiliza. Perusi aliposema ana malalamiko, alifurahi sana, kwa sababu hakuwahi kuyaona malalamiko kwa macho. Akatoa fomu. Fomu ile, alieleza, hujazwa na mwalimu wa uongo mwenyewe, ambaye anataja mafundisho yake ya uongo kwa mpangilio, anaambatanisha picha mbili, kisha inagongwa muhuri na kanisa lake.

Perusi aliuliza itakuwaje kama mwalimu wa uongo hataki kujaza.

“Basi hapo tunajua si wa uongo,” Ndugu Kirumbi alisema. “Mwongo angedanganya kwenye fomu. Huyu hajaandika kitu.”

Perusi hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alimwambia wazi kwamba Mtume anasema mambo ya kutisha, kwamba anawaambia wagonjwa watupe dawa, kwamba mama yake anakauka koo na macho yanaingia ukungu na Jumapili maelfu watafanya kama yeye. Mkurugenzi aliinuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na faili nene lililotunzwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na fomu mia moja hamsini na sita, kila moja na sahihi ileile. Akalifungua mbele yake kwa upole, kama daktari anayemwonyesha mtu picha ya mapafu.

“Cheti chake cha usahihi, daraja la kwanza, tumekitoa kwa hizi,” alisema. “Kila Jumapili nzuri kuliko iliyopita. Mimi mwenyewe nimezisoma, mama, na niseme ukweli, zimenifaa. Nilikuwa na tabia fulani nikaiacha. Sasa wewe unasema hakuyasema haya?”

“Hakuyasema.”

“Aliyasema nani?”

Perusi alilifunga faili.

“Unaelewa tatizo langu,” Ndugu Kirumbi aliendelea. “Nikifungua kesi, mashahidi wote watasema walisikia Injili. Mtu pekee anayeweza kumshtaki ni wewe, na mtu pekee aliyekula kiapo ni wewe. Kwa hiyo mama Perusi, unataka kumshtaki nani hasa?”

Alimsindikiza hadi kwenye lifti na wakangoja kidogo, halafu akamwonyesha ngazi.

*

Ijumaa alimwendea Mtume mwenyewe. Alimkuta chumba cha nyuma cha hekalu akipimwa joho jipya la Siku ya Kutupa. Alipomwona, Mtume alimwashiria fundi atoke, akangoja hatua zipotee.

“Funga mlango, Perusi,” alisema, “Kiswahili kisitoke nje.”

Perusi alikuwa akijua, bila shaka. Lakini kujua jambo na kulisikia kwa lafudhi ya kijijini kwenu ni vitu viwili. Alisimama na mkono kwenye kitasa.

“Kumbe hujasahau.”

“Nani anasahau? Kaa. Unadhani miaka yote hii sisikii? Siku ya kwanza nimesema viatu, wewe unasema Kristo hakuacha kazi nusu. Nilitaka kugeuka nikuulize unafanya nini. Halafu nikaona watu wanalia. Nikajiambia, Zefania, nyamaza, huyu mama anakujenga.”

“Yalikuwa maneno ya baba yangu.”

“Najua ya nani. Alikuja kwetu na baiskeli yake nikiwa darasa la tano. Alilala kwetu.” Mtume alijitazama kwenye kioo, akavuta bega la joho. “Mimi hata ningetaka kuyasema vile nisingeweza. Nilijaribu nikiwa bado nauza magodoro. Watu walikuja wanne, na mmoja alikuwa anataka godoro.”

Kwa dakika moja Perusi karibu amwonee huruma. Kisha akakumbuka kilichomleta, akamwambia kuhusu mama yake, kidonda, kiu, macho, vidonge kwenye kanga. Akamwomba alifute jambo la dawa. Alisema, na aliona aibu kusikia sauti yake ikiomba, kwamba mengine angeendelea kuyanyoosha, yote, mpaka watakapozeeka, ila hili moja tu liondolewe.

Mtume alisema haiwezekani. Waziri wa Afya alikuwa ameshaandika hotuba. Hospitali za Serikali hazikuwa na dawa tangu mwaka juzi, na kwa mpango huu wananchi wasingezihitaji, kwa hiyo tatizo lilikuwa limekwisha kitaalamu na mataifa mengine yameomba kuja kujifunza.

“Na mama yangu?”

“Mama yako ana imani. Nani kampa? Si mimi.”

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayesoma jina kwenye orodha. Kisha akamwambia kuhusu Jumapili. Anyooshe apendavyo. Akitaka aseme neema, aseme. Akitaka amlilie baba yake, sawa tu. Kijitabu watu wameshakisoma.

“Ninachohitaji ni wewe usimame pale,” alisema. “Wakikuona wewe, wanaona ukweli. Mimi wananitazama tu joho.”

*

Jumamosi mchana Perusi aliazimia kumwambia mama yake. Alipika ndizi na maharage, akaandaa mezani, akajifuta mikono mara tatu. Bi. Damari alikuwa ameegemea ukuta na redio mapajani. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na ndoo ya maji iliyojazwa asubuhi ilikuwa imebaki robo.

“Mama, yale maneno ya Mtume,” Perusi alianza.

“Ngoja. Nayasikiliza.”

Redio ya Taifa ilikuwa ikirudia mahubiri ya Jumapili moja ya zamani. Kwanza ilisikika sauti ya mwanamume ikinguruma Kigeni, ambayo Bi. Damari aliipitisha kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke. Kisha ikaja ya mwanamke, tulivu, ikisema kwamba Mungu hahitaji uthibitisho kutoka kwetu, kwamba ametupenda tukiwa bado wagonjwa na hakutuambia tupone kwanza ndipo tuje. Bi. Damari alifumba macho. Machozi machache yalimtoka, machache kwa sababu mwilini maji hayakuwa yakikaa.

“Sikia hapo,” alisema. “Utasema Eliezeri amefufuka.”

Perusi alisimama na sahani mkononi akijisikiliza. Yalikuwa mahubiri mazuri. Hakukuwa na neno hata moja la uongo ndani yake, ila jina la aliyetajwa mwisho kuwa ndiye aliyehubiri. Alitamani yangekuwa mabaya. Kama angekuwa mkalimani mvivu, asiye na baba, mama yake angetoka uwanjani Jumapili ya kwanza akinung'unika kuhusu viatu, na leo angekuwa na kidole kilichopona.

Alijaribu tena baada ya matangazo. Aliposema “mama, mimi ndiye,” mama yake akamwambia anajua, sauti yake inafaa redio, na amshukuru Mungu. Perusi akamwekea chakula. Hakumwambia. Akamtazama akila vijiko vinne akasukuma sahani, naye akaosha vyombo visivyokuwa vichafu.

*

Jumapili uwanja ulijaa saa tatu asubuhi. Mapipa matatu yalipakwa rangi za bendera. Kwaya ya Wizara iliimba wimbo wenye beti kumi na nne, mmojawapo ukimshukuru Katibu Mkuu. Watu walikuja na vidonge katika vibahasha, chupa za dawa za kifua, na sindano za watoto wa kisukari. Mzee mmoja alileta miwani akaambiwa asubiri maelekezo.

Waziri wa Afya alihutubia. Alisema nchi nyingine duniani zinahangaika kununua dawa kwa sababu hazina upeo. Sisi, alisema, tumekuwa wa kwanza kumaliza uhaba wa dawa kwa kumaliza kuzihitaji. Alipigiwa makofi. Kisha akakohoa, akanywa kitu kutoka kichupa cha mfukoni, akaketi.

Bi. Damari alikuwa mstari wa tatu, mfuko mapajani. Alikuja akishikwa mkono na mama mmoja wa maombi, kwa sababu asubuhi ile hakuweza kuona vizuri ngazi za mlangoni. Perusi alimwona kutoka jukwaani akigeuza kichwa huku na huku akitafuta sauti ya mwanawe itatokea wapi.

Mtume akasimama. Joho lilimkaa vizuri. Akasema kwa Kigeni, polepole, akiipa kila sentensi nafasi yake kama alivyozoea, kwamba Yesu aliianza kazi akaiacha njiani, na yeye Zefania ametumwa kuimaliza, na kwamba anayemeza kidonge baada ya leo amemtemea Mungu mate.

Kichwa cha Perusi kilifanya kazi yake. Ilimjia mara moja sentensi nzuri, safi, imeshanyooshwa, kuhusu Mungu aliye tabibu wa kweli. Ilikuwa tayari kwenye ulimi. Akaona pia itakachofanya. Watu wangesikia sauti wanayoiamini ikisema jambo la kweli, wangeitikia Amina, na kwa Amina hiyo wangeinuka kwenda kwenye mapipa, mama yake mbele akishikwa mkono. Hapakuwa na maneno mazuri ya kutosha kuzuia hilo. Maneno mazuri ndiyo yaliyowaleta.

Akakisogeza kipaza sauti karibu.

“Mtume amesema hivi,” Perusi alisema. “Yesu aliianza kazi akaiacha njiani. Yeye, Zefania, ametumwa kuimaliza. Na anayemeza kidonge baada ya leo amemtemea Mungu mate.”

Watu kama mia mbili walisema Amina kwa mazoea. Hao walioizoea Amina walipomaliza kuitamka, walitazamana. Uwanja mzima ukawa kama chumba ambamo mtu amedondosha sahani.

Mtume aligeuza kichwa kidogo. Kwa Kigeni akasema haraka kwamba Mungu ni mwema. Perusi akatafsiri kwamba Mungu ni mwema, kwa sababu ndivyo alivyosema. Mtume akasema kwamba yeye ni mkuu kuliko manabii wote. Perusi akatafsiri na hilo. Akasema kwamba msalaba ulikuwa ajali, na Perusi akasema, kwa sauti ileile ya redio, kwamba msalaba ulikuwa ajali. Mwanamke mmoja nyuma aliuliza kwa nguvu, “Amesema nini?” na Perusi akamrudia neno kwa neno.

Hapo Mtume alikuwa na njia moja tu ya kumkanusha mkalimani wake, nayo ilikuwa kuonyesha kwamba amemwelewa. Akamnyooshea kidole, akanguruma kwa Kigeni sentensi fupi.

“Anasema mwanamke huyu ni mwongo,” Perusi alitafsiri.

Akangoja kidogo, kama mkalimani anavyongoja msemaji amalize, ingawa msemaji aliyengojwa sasa alikuwa yeye.

“Na hilo amesema kweli. Miaka mitatu sikuwahi kuwaambia alichosema. Kila Jumapili alisema mambo ya namna hii mliyoyasikia leo, nami nilibadilisha. Yale yaliyowaliza yalikuwa ya baba yangu, Mwinjilisti Eliezeri, naye aliyatoa kwenye Maandiko. Huyu hakuyasema hata moja. Nilidhani nawalisha. Nilikuwa nampamba. Nimeapa uongo mara mia moja hamsini na sita, na Wizara wanazo sahihi zangu, wakitaka wanifuate. Lakini dawa zenu msizitupe.”

“Huyu mama amechanganyikiwa,” Mtume alisema.

Alilisema kwa Kiswahili, tena kwa lafudhi ya wilayani kwao, nayo ikaenda kwenye vipaza sauti vyote kumi na sita. Maofisa watatu wa Wizara waliinuka kwa sababu sheria ilikuwa imevunjwa: hayo yalikuwa mazungumzo ya kawaida, na hayakuwa na kibali cha mkusanyiko. Wakaanza kubishana ni nani akamatwe kwanza.

Perusi hakuwangoja. Aliweka kipaza sauti chini, akashuka ngazi, akapita kati ya mapipa hadi mstari wa tatu. Watu walimpisha, wengine wakimtazama kama mwizi, na hakuona kwa nini wasimtazame hivyo. Mzee mmoja alimwambia usoni kwamba mkewe alitupa zake nyumbani tangu Jumanne. Perusi akasema amesikia, akamwambia ampeleke hospitali sasa hivi, yeye na mama yake watawakuta huko. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake.

“Mama, ni mimi.”

“Nakusikia.” Bi. Damari hakumwangalia. Mikono yake ilikuwa imeushika mfuko kwa nguvu. “Kwa hiyo ile siku ya neema niliyolia. Ni baba yako.”

“Ni baba.”

“Nami nikampigia makofi muuza magodoro. Na wewe unaniona.”

“Nakuona, mama. Kila Jumapili.”

Kwaya iliambiwa iimbe ili kufunika kelele. Bi. Damari akafungua mfuko kwa vidole visivyoona vizuri, akafungua kanga, akapapasa akatoa kidonge kimoja. Alikishika kiganjani.

“Nitakusamehe siku nyingine,” alisema. “Leo nina hasira. Nipe maji.”

Mama aliyekuwa mstari wa mbele, ambaye naye alikuwa na bahasha mkononi, alitoa chupa yake ya maji akampitishia Perusi. Perusi akaifungua, akaishika mdomoni mwa mama yake, na Bi. Damari akameza.